Kwanza, Ndani Mna Nini?

Fundi wa ving'amuzi aliye upande wa pili wa ukuta wangu ana jina alilopewa na wazazi wake, lakini mtaani hakuna anayelitumia. Wote wanamwita Kwanza. Mteja akifika na kusema, "Fundi, flashi hii imekataa kusoma kwenye king'amuzi, ifomati niende zangu," yeye huipokea kwa vidole viwili, huigeuza juu chini, kisha husema yaleyale anayoyasema kila siku.

"Kwanza, ndani mna nini?"

"Mna nyimbo tu."

"Nyimbo tu?"

"Na picha za harusi ya jirani. Naye alishaachika, hata yeye mwenyewe hazitaki."

"Tutazinakili kwanza."

"Fundi, wewe ni fundi au ni afisa wa forodha?"

Watu waliopanga foleni hucheka. Yeye hacheki. Huichomeka flashi kwenye kompyuta, hufungua kila kilichomo, hunakili chote kwenye diski yake kubwa nyeusi, huandika tarehe kwenye kikaratasi na kukibandika. Ndipo hufomati. Kufomati kwenyewe hakuzidi muda wa kufunga kamba za viatu. Yanayotangulia ndiyo huchukua robo saa, na wenye haraka zao wameshahamia kwa mafundi wa mtaa wa nyuma.

Nimemsikia akiwaeleza wateja mara nyingi hata naweza kueleza mimi. King'amuzi, husema, ni kama mtu aliyeishia darasa la kwanza: anajua mwandiko mmoja tu. Ukimletea flashi iliyopangwa kwa mwandiko wa kompyuta kubwa, anaikodolea macho. Kufomati ni kuipanga upya kwa mwandiko anaoujua. Lakini flashi ikipangwa upya, inasahau yote iliyoyabeba.

Mimi nachapa barua na kutoa nakala katika chumba cha pili. Ukuta wetu ni wa mbao nyembamba. Akipiga chafya, namwambia pole bila kupaza sauti. Nina mazoea ya kuandika mambo ya siku kwenye daftari, kwa hiyo najua ni siku gani iliyomtia neno hilo mdomoni. Ilikuwa Jumanne, miaka mitano iliyopita. Hadi Jumanne hiyo jina lake lilikuwa Chapuchapu. Ulikuwa humalizi kueleza tatizo lako, yeye keshamaliza kazi.

Aliyekuja siku hiyo ni mama yake mdogo, ndiye aliyemlea tangu mama yake mzazi alipofariki. Mama huyu alikuwa na mtoto mmoja wa kumzaa, kijana wa miaka ishirini na sita, ambaye nyumbani walimwita Mtangazaji. Yeye na fundi walilala kitanda kimoja utotoni, wakafanana sauti kama maji ya mtungi mmoja. Mtu akipiga simu nyumbani alilazimika kuuliza: ni mkubwa au mdogo?

Jina la Mtangazaji alilipata kwa kujirekodi. Mama yake hajui kusoma, kwa hiyo barua zote za ukoo kijana alizisoma akijirekodi kwenye simu na kumhifadhia kwenye flashi azisikilize redioni kwa wakati wake, na katikati ya barua aliweka taarifa za habari za kwake: "Shangazi wa ng'ambo ya mto ameota jino jipya. Wataalamu bado wanalichunguza." Mama alicheka mpaka akajipangusa macho.

Kijana alipolazwa hospitali, wiki ya mwisho, alimwambia mama yake, "Nimekuwekea neno humo. Usilisikilize hapa, utalisikia nyumbani." Akampa flashi. Siku ya tatu akafariki.

Mama alikaa nayo miezi minne. Hakuwa na moyo. Siku alipoupata moyo redio yake ilikuwa imeshakufa, akanunua king'amuzi chenye tundu la flashi, akaichomeka, na kwenye runinga yakatokea maandishi asiyoweza kuyasoma. Akaifunga kwenye kitambaa, akaja kwa mwanawe mkubwa.

"Mwanangu, imekataa kusoma," nilimsikia akisema. "Nisafishie isome."

Nyumbani kwa mama, kusafisha ni kupuliza vumbi, ni kupangusa kwa kitambaa. Huku kwetu kwenye vibanda vya mafundi, kusafisha ni kufomati. Fundi alikuwa na runinga mbili mezani zimefunguliwa matumbo, na watu watatu dirishani. Hakuuliza.

"Sekunde tu, mama mdogo. Haya, tayari. Ni kama imetoka dukani leo. Na nimekuwekea filamu mbili za vichekesho, uchangamke kidogo."

"Ahsante baba. Mungu akuzidishie."

Nilisikia nyayo zake zikishuka ngazi ya mbele, taratibu, kama za mtu aliyebeba kitu kilichojaa pomoni.

Saa kumi simu ya fundi iliita. Mikono yake ilikuwa ndani ya runinga, akaipokea kwa spika.

"Mwanangu, hawa watu wanaocheka ni kina nani?" Kwa nyuma yake vilisikika vicheko vya filamu. "Mdogo wako yuko wapi?"

Mama akarudia swali kwa upole, akidhani simu imekatika. Kisha nikasikia bisibisi ikianguka sakafuni.

Aliifuata flashi kwa mama jioni ileile. Kesho yake alinisimulia walivyoongea, akiangalia pembeni. Mama alimuuliza, "Umemtupa?" Naye akamjibu, "Hapana, mama mdogo. Flashi haiwi tupu hata ukiifomati. Inasahau tu mahali ilipoweka vitu. Vitu bado vimo." Na hakusema uongo. Kinachofutwa ni orodha tu, kama kuchana ukurasa wa yaliyomo na kuacha kitabu. Jambo ambalo hakumwambia ni kwamba zile filamu mbili za zawadi ziliingia kama wapangaji wapya, na kila zilipokaa zilimtoa aliyekuwapo.

"Basi mtafute," mama alisema. "Neno lake sijalisikia."

Akaanza kutafuta. Ipo programu ya kufukua vilivyosahauliwa. Inapita kwenye flashi chembe kwa chembe na kutoa inavyovikuta, bila majina, namba tu. Kuna vinavyotoka vizima na vinavyotoka vipande. Hakuna njia ya kujua kipi ni kipi ila kusikiliza, na fundi alisikiliza mchana wote huku wateja wakigonga dirisha.

Mimi nami nikasikiliza, kwa kuwa ukuta haukunipa ruhusa ya kukataa. Siku ya pili niliandika kwenye daftari: vipande kumi na saba. Siku ya tano: thelathini na vinne. Sauti ilianza katikati ya neno na kukatika katikati ya neno. "...likia mama, mjomba anasema mvua..." "...sicheke, naanza tena..." "...wataalamu bado..." Nilikuwa nikichapa mkataba wa mtu wa kupanga nyumba, nikajikuta nimechapa "naanza tena" mahali pa jina la mpangaji. Kijana yule nilimjua. Alikuwa akija kunitania kuwa mashine yangu inakohoa kuliko mimi. Sasa alikuwa upande wa pili wa ubao, anatafuta pa kuanzia.

Mama alikuja kila alasiri. Hakukaripia. Aliketi kwenye kigoda karibu na mlango, mkoba mapajani.

"Bado?"

"Bado, mama mdogo."

"Usichoke baba."

Kukaripiwa, fundi aliniambia, kungekuwa afadhali.

Siku ya kumi na moja alilipata. Nilijua kwa kuwa alisimamisha sauti ghafla, akairudisha, akaisimamisha tena. Ilirekodiwa hospitali, kitanda kililia kidogo, halafu kijana akavuta pumzi, na kwa sauti nyembamba lakini yake kabisa akasema, "Mama, kwanza kabisa..." Baada ya hapo ni mvumo, kama mvua kubwa juu ya bati. Hapo ndipo filamu ilipokalia. Vyote pamoja, kuanzia kitanda hadi mvumo, ni sekunde saba.

Mama alipokuja alasiri ile, fundi alimwambia bado.

Kwa siku mbili upande ule ulikuwa kimya. Siku ya tatu, kabla ya saa sita, nilisikia kitanda kikilia, pumzi ikivutwa, "Mama, kwanza kabisa..." na mvumo haukuja. Sauti iliendelea. "...kwanza kabisa usilie sana. Barua zote zimo kwenye kopo la juu. Mwambie kaka asikae mbali nawe. Mimi siumwi tena."

Niliacha karatasi zikitoka zenyewe kwenye mashine, nikazunguka mbio.

"Limepatikana!" nikasema mlangoni. "Fundi, limepatikana lote!"

Alikuwa ameketi, simu mkononi, karibu na mdomo. Hakuniangalia.

"Huyo ni mimi," alisema.

Nilishika fremu ya mlango. Alikuwa amejirekodi na kuiunga sauti yake palepale mvumo ulipoanzia. Hata pumzi aliipatia.

"Jirani, atajua?"

"Sidhani," nikamjibu. "Mimi sikujua."

"Ndiyo shida yenyewe. Nilipolisikiliza mwanzo mpaka mwisho, hata mimi sikujua. Niliitikia. Nimesema 'sawa', humu ndani, peke yangu, namwitikia."

Akaweka kidole kwenye kitufe cha kufuta. Akabonyeza. Katika miaka yote niliyomjua tangu siku ile, hilo ndilo faili pekee aliloliondoa bila kunakili.

Aliniomba nimsindikize kwa mama yake siku iliyofuata, kwa sababu hakuuamini mkono wake kubonyeza. Chumba cha mama kilikuwa kimefagiliwa. Runinga ilikaa kwenye meza ya pembeni, na king'amuzi chini yake, bado kina plastiki yake ya dukani. Viti vilikuwa viwili. Mama akakaa kimoja, akatuonyesha kitanda, na kile kiti cha pili hakikukaliwa na mtu.

Fundi alizinakili zile sekunde kwenye flashi mpya, akaichomeka tundu la mbele. Mama akaomba rimoti ashike yeye. Nikamwonyesha kitufe.

Alisikiliza mara moja. Akasikiliza tena. Mara ya tisa niliacha kuhesabu. Mvumo ulipofika, kila mara alisogeza kichwa mbele kidogo, kama mtu anayesemeshwa na mwenzake penye kelele.

"Amesema kwanza kabisa," akasema hatimaye.

"Ndiyo, mama mdogo. Mengine yamefunikwa. Ni mimi niliyeyafunika."

"Kwanza kabisa." Aliyapima maneno. "Basi yalikuwa mengi. Mwenye neno moja hasemi kwanza kabisa."

Fundi akainama.

"Na hayo mengi yamo kwenye ile ya zamani?"

"Hayatoki tena, mama mdogo. Nimejaribu kila njia."

"Sikukuuliza kutoka. Uliniambia haiwi tupu. Uliniambia inasahau tu."

"Nilikuambia."

"Basi nirudishie. Ikikumbuka, iwe kwangu."

Fundi akampa. King'amuzi kina tundu jingine kwa nyuma, na mama mwenyewe ndiye aliyeichomeka humo, kwa kupapasa, akakisukuma king'amuzi ukutani.

Tangu hapo fundi huenda kwake kila Ijumaa baada ya kufunga. Mtaani wanadhani jina la Kwanza lilitokana na swali lake dirishani, nami siwasahihishi. Wanasema pia amekuwa mkimya. Kule kwa mama yake ni mkimya zaidi. Mwaka ule wa kwanza alipiga hodi mlangoni, na mama akaitikia kutoka ndani kwa furaha, kwa jina la mwingine. Sasa hapigi hodi kwa sauti, hugonga. Akiulizwa hali hujibu kwa kichwa, au kwa neno moja la chini chini.

Nilikwenda naye Ijumaa iliyopita. Mama amezeeka, lakini rimoti hakuna mwingine anayeishika. Wajukuu wa jirani wakija kutazama katuni, huwawashia yeye na kuwazimia yeye, na fundi alishamwambia sababu: king'amuzi kikiwashwa, kabla ya picha yoyote, huikuta ile flashi ya nyuma na kuuliza. Akatuwashia. Skrini ikawa buluu, maandishi yakatokea: Flashi haijaandaliwa kurekodi. Fomati sasa? Chini yake Ndiyo, na kando yake Hapana. Taa ya chaguo huanzia kwenye Ndiyo.

Fundi alishika ukingo wa kitanda. Nilikuwa nimeketi ubavuni pake, nilihisi. Yeye angeweza kulimaliza swali lile. Ungetosha mkono mmoja nyuma ya king'amuzi. Lakini kuichomoa ni kumwambia mama kwamba hamna kitu humo.

Mama hajui kusoma hata jina lake. Alisogeza taa upande wa kulia, kituo kimoja, akakaza macho mpaka akahakikisha, akaligusa neno hewani kwa kidole, herufi moja moja.

"Hapana," alisoma.