"Mbona hakuniambia?"

Leo nusura nimzike mama yangu kwa sababu ya jino.

Nilimpeleka akang'olewe kwenye zahanati moja huku Kaisho. Akaanza kumweleza tabibu, "Mwanangu, mimi natumia dawa ya moyo, ile ya kuzuia damu kuganda..."

"Mama, fungua mdomo." Akamkatisha hivyo hivyo. Akamchoma ganzi, akang'oa.

Jamani, damu ikagoma kukatika! Kitenge chote chekundu. Tukakimbilia hospitali kwa bodaboda, nimemkumbatia asianguke. Jioni ndipo ilipokatika.

Nikampigia yule tabibu, simu nimeiweka spika. Mnajua alinijibu nini?

"Sasa mbona hakuniambia?"

Mama alikuwa pembeni yangu, anasikia kila neno, na mdomo umejaa pamba.

Ningemjibu nini huyu mtu? Niambieni.