Nilivyoingia kiwandani na matairi miguuni

Wakuu, shikamooni mlionizidi umri. Nyinyi wengine, niaje.

Jana nimepita uzi mmoja humu, vijana wanabishana raba gani ni laini zaidi. Laini! Nikacheka peke yangu hadi mjukuu akaniuliza kama niko sawa.

Nikaona niwaeleze yaliyonipata mimi mwenyewe, Eastlands, miaka ya tisini. Ni kweli tupu, na kama kuna chumvi mtakayoionja, basi ni ile ya biskuti.

Nilikuwa msichana mbichi, nimetoka Kakamega kuja kukaa kwa dada yangu Beatrice, mtaa wa Mbotela. Chumba kimoja. Upande huu wa pazia ni dada, mumewe na watoto, upande ule ni mimi na godoro langu. Shemeji alikuwa mtu mzuri, lakini alikuwa na tabia ya kukohoa kila nikianza kuvaa, ili nijue yuko macho. Nilichukia kile kikohozi jamani.

Nilipata kibarua kiwanda kimoja cha biskuti, Industrial Area.

Kwa wasiojua, kibarua siku hizo kilikuwa hivi. Asubuhi mnajazana nje ya geti. Supavaiza anatoka, anawaangalia kama mtu anayechagua nyanya, halafu anaanza kunyoosha kidole: "Wewe. Wewe. Na wewe." Asiyenyooshewa anageuka na kurudi nyumbani.

Walioajiriwa permanent walipitia mlango mdogo pembeni. Walikuwa wanatupita hivi, hata salamu hakuna.

Wakuu, niliutaka ule mlango mdogo kuliko nilivyotaka bwana. Ningeupata, ningekodi chumba changu na kuvaa nguo zangu bila kukoholewa.

Sasa, adui yangu alikuwa kisigino.

Kazi ya kupakia biskuti ni ya kusimama. Unasimama juu ya saruji tangu mnaingia hadi mnatoka. Sheria ilikuwa kiatu cheusi kilichofunikwa, na changu nilikuwa nimekiokota kwenye mitumba, soko la Gikomba. Kwa juu kilikuwa kizuri sana, ngozi safi, na dada alikisifu. Kwa chini soli ilikuwa nyembamba mno, ukikanyaga kokoto unaweza kusema ni ya rangi gani.

Baada ya miezi michache nikawa nikiinuka asubuhi, hatua ya kwanza ni kama nimekanyaga msumari. Nilikuwa natembea kwa kushika ukuta hadi mguu upate moto. Na pale getini nilijikaza nisichechemee, maana anayechechemea hanyooshewi kidole.

Akina mama wa laini yetu ya kupakia wakanipa ushauri mmoja, wote: weka sponji.

Nikakata kona ya godoro langu mwenyewe, nikaweka ndani ya kiatu. Siku ya kwanza, raha! Nilitembea nikitabasamu. Siku ya pili sponji imelala kama chapati, mguu unayumba huku na huku, na maumivu yamepanda hadi goti. Nikakata kona nyingine. Acheni nikiri kwamba lile godoro lilibaki na umbo la ajabu.

Basi supavaiza wetu, Bwana Shitandi, akatutangazia kwamba mwisho wa mwezi atachukua watu wachache wawe permanent.

"Nataka watu wa kusimama," akasema. "Nimechoka na hawa wa kukaa kaa."

Siku hiyo hiyo akanikuta nimeketi juu ya kreti, nimeshika kisigino.

"Rispa. Nikikupata chini tena, kesho usijisumbue kuja."

Unga wangu ulikuwa karibu kumwagika, na nilikuwa nimezungukwa na magunia ya unga. Nililia chooni, sitaficha. Nililia kwa hasira zaidi kuliko huzuni, kwa sababu mikono yangu ilikuwa myepesi kuliko ya wote pale na mguu ndio uliokuwa unaniaibisha.

Jumapili nikaenda mferejini kuchota maji. Kwa haraka nikavaa akala za shemeji, zile kandambili za tairi la gari. Yeye alikuwa anasukuma mkokoteni Gikomba na alizivaa mvua, jua. Zilikuwa kubwa kwangu kama mtumbwi.

Nilifika mferejini, nikasimama kwenye foleni, nikapiga umbea. Nilipoinua mtungi ndipo nikashtuka. Kisigino hakijaniuma.

Nikazivua nikazikagua. Tairi, wakuu, lina mviringo wake. Ukilikata, bado linataka kujikunja, kwa hiyo mguu unakaa ndani kama kwenye bakuli. Kisigino hakizami wala hakiyumbi, na lile bonde la katikati ya unyayo linashikwa vizuri. Halafu ni gumu. Mimi nilikuwa nikitafuta ulaini muda wote huo, kumbe mguu wangu ulikuwa unatafuta mahali pa kusimama.

Lakini akala kiwandani ni marufuku, vidole viko nje.

Jumatatu jioni nikapeleka kiatu changu cheusi kwa fundi wa akala pale Shauri Moyo, anaitwa Musa. Kijana mcheshi, anakaa chini katikati ya matairi na kisu chake.

"Ng'oa soli hii," nikamwambia. "Weka tairi."

Akanitazama. "Sista, mimi nashona akala. Hii ni njumu ya ofisi."

"Nitavaa mimi au utavaa wewe?"

"Itakuwa nzito, aki."

"Iwe."

"Na haya meno ya tairi, niyaparure yakae smooth?"

Nikafikiria ile sakafu yetu, mafuta na sukari kila mahali. "Yaache," nikasema. "Yaangalie chini."

Akacheka hadi majirani wakaja kuuliza. Lakini alifanya kazi, tena vizuri. Alibandika, akashona kwa uzi wa nailoni, akapiga misumari midogo pembeni na kuikunja ili isinichome.

Nisiwadanganye, siku za kwanza viatu vilinichubua. Mapaja yaliuma kwa ule uzito. Dada alisema natembea kama askari jela. Lakini kisigino kilianza kutulia, kisha nikaamka asubuhi moja nikavuka chumba bila kushika ukuta. Nilisimama pale mlangoni nikasema asante Mungu kwa sauti, shemeji akakohoa.

Sasa njooni kwenye siku yenyewe.

Bomba la mafuta ya kukandia lilikuwa limevuja, sakafu imekuwa barafu. Watu wanateleza na trei, biskuti zinavunjika, Bwana Shitandi amefura kwa hasira. Wakamwaga unga chini ili unyonye yale mafuta. Tukaendelea.

Ghafla nikasikia sauti yake.

"Nani ameingiza mkokoteni humu ndani?"

Watu wakainamia trei zao.

"Nauliza! Nani ameingiza mkokoteni kwenye chakula?"

Nikaangalia chini. Mama yangu! Kwenye ule unga mweupe kulikuwa na alama za tairi, safi kabisa, kutoka tanuri hadi mezani, zimeenda zimerudi. Yeye ameinama anazifuata kama mwindaji. Zikazunguka meza. Zikapita mashine. Zikafika kwangu, akasimama.

"Inua mguu."

Nikainua.

Laini nzima ikapasuka kwa kicheko. Yeye hakucheka.

"Akala ni marufuku kiwandani."

Sijui ujasiri nilitoa wapi. "Sheria inasema kiatu cheusi, kilichofunikwa. Cheusi ndio hiki, bosi, na kimefunikwa. Huko chini sheria haijafika."

"Unanijibu?"

"Bosi, leo nimebeba trei tangu asubuhi. Umeniona nimeanguka? Tangu siku ile ya kreti, umeniona nimekaa?"

Akaangalia trei zilizoanguka za wenzangu. Kisha akaniambia nibebe iliyojaa nipite pale penye mafuta zaidi, na yeye atanifuata aone.

Nikabeba. Nikapita bila wasiwasi, meno ya tairi yanauma sakafu.

Yeye nyuma yangu, na vile viatu vyake vya soli ya ngozi vinavyong'aa, akaenda hivi, akaenda vile, mikono juu, akanidaka bega kwa uzito wake wote. Na Bwana Shitandi hakuwa mtu mwembamba.

Sikusogea. Trei haikumwaga hata biskuti moja. Alining'inia pale begani kwangu akihema, na mimi nimesimama wima na mzigo wangu.

Hakuna aliyethubutu kucheka. Akajipangusa unga, akaondoka. Mama mmoja akaninong'oneza, "Rispa, umekwisha. Umemwona bosi akianguka."

Nilirudi Mbotela siku hiyo bila kusikia njaa.

Kesho yake asubuhi, na ndiyo ilikuwa mwisho wa mwezi, getini. Bwana Shitandi akatoka na kidole chake. "Wewe. Wewe. Wewe na wewe." Akanipita. Akachagua wa kushoto kwangu, akachagua wa kulia kwangu. Akasema, "Basi, wengine rudini."

Niligeuka. Nilikuwa nimeshapiga hatua nikasikia anaita.

"Wewe wa matairi! Unaenda wapi? Watu wa permanent wanapitia huku."

Na amesimama kwenye mlango mdogo, ameufungua kwa mkono wake mwenyewe.

Nililia tena, na safari hii sikuenda chooni. Nilipita pale nikiwa napiga kishindo, ko, ko, ko, na niliwasalimia wote waliokuwa nje, mmoja mmoja.

Somo, kwa wale mnaobishana kule: kiatu kikikubembeleza dukani, usikiamini bado. Kibonyeze kisigino, kikunje katikati, na kama kinakunjika kama gazeti, kirudishe. Mguu wa kufanya kazi unataka kushikwa. Na ukifanyiwa kitu kigeni na fundi, vumilia michubuko ya mwanzo kabla ya kukihukumu.

Mimi nilistaafu kiwanda kile kile, kwa miguu yangu miwili mizima.

Haya, mafundi wa mjengo, walinzi, manesi, walimu wa ubao, mnaosimama kutwa: ni kiatu gani kiliwahi kukuokoa, na kipi kilikuangusha? Andikeni hapa chini, miwani nimevaa. Na asinitajie sponji mtu.