Nafasi Iliyobaki Kwenye Kaseti

Mwalimu mmoja Mwingereza aliporudi kwao alimwachia baba redio kaseti pamoja na kaseti moja ya wazee wa vijiji vya Uingereza wakipiga fidla. Baba alikuwa fundi seremala wa shule aliyofundisha mwalimu huyo, na alikuwa amejichongea zeze la uzi mmoja, lililowambwa ngozi ya kenge. Mwalimu alimweleza kwamba wapigaji wale ni wakulima, waliofundishwa na baba zao kwa kusikiliza tu. Hapo akawa amemmaliza kabisa. Majirani zetu wa mtaa wa Kiseke walisikiliza muziki wa Wakongo kwa raha zao. Sisi kila jioni ni fidla za Waingereza.

"Sikia huyu anavyokanyaga sakafu, mama," aliniambia mimi binti yake. "Ametoka shamba sasa hivi, hata miguu hajanawa."

Jumapili moja akataka na yeye arekodiwe. Alikuwa na wimbo wa babu, alioutoa kwao Mara, na wote wengine waliojua kuupiga walishakufa. Miaka ile ya soko huria kaseti tupu zilijaa mjini kama dagaa, lakini Jumapili duka la kaseti lilifungwa, na baba akiamua jambo ameamua. Nikachana gazeti, nikaziba vile vitundu viwili vya juu ya kaseti ya Waingereza ili ikubali kurekodi, nikairudisha mwanzo.

"Unafanya nini?"

"Naanzia hapa, baba."

"Unamfuta mzee wa watu? Amekukosea nini?"

Nilibishana naye, tena kwa sauti ya juu. Nilimwambia mzee mwenyewe hamjui, na huko kwao nakala wanazo. Akaweka upinde wa zeze chini, akakataa kupiga. Ikabidi niipeleke mwisho wa upande wa pili, Waingereza walipoishia, palipobaki utepe kidogo tu.

Alipiga amefumba macho. Wimbo ule huanza taratibu, unazunguka, halafu mwishoni unageuka, na pale unapogeuka ndipo babu alipokuwa akiwaliza watu msibani. Kabla hajafika hapo utepe ukaisha, kitufe cha kurekodi kikaruka. Hakusikia. Nilikaa mikono mapajani, nikamtazama akiugeuza, akiupiga vizuri kuliko siku zote, na utepe umesimama. Sikuweza kumkatiza.

"Imeingia?"

"Imeingia, baba."

Akalegeza uzi, akatundika zeze ukutani, maana ukishapigwa wimbo ule, siku hiyo haupigwi mwingine. Nilijiambia nitanunua kaseti tupu, nitamwomba arudie. Nilijiambia hivyo wiki nzima, na wiki iliyofuata. Kisha kiharusi kikachukua mkono wake wa kulia, ule wa kushika upinde, na nusu ya mdomo.

Tulipomtoa hospitali aliomba kuusikia wimbo wake. Sikuwa na pa kukimbilia. Waingereza wakamaliza, akaingia yeye, akazunguka, akazunguka, kitufe kikaruka. Alingoja. Mungu wangu, alingoja kweli, akidhani bado unakuja.

Nikamwambia yote huku nalia. Akajaribu kuniimbia kile kipande cha mwisho. Mate yakamtoka, sauti ikawa mlio mmoja, haupandi wala haushuki. Akajaribu tena. Nikamfuta mdomo kwa kanga, sijui hata nifanye nini kingine.

"Uliona ikisimama?" aliuliza, kwa shida.

"Niliona, baba."

Aliutazama mkono wake juu ya shuka.

"Ungenigusa tu, mama."