Nilimwita mwanafunzi wangu mzembe ili makala yangu ya uongo iendelee kusifiwa

Msinionee huruma. Nimekosa, na nikijitazama kwenye kioo naona kinyaa.

Mimi ni mtafiti wa DNA za magonjwa ya mimea, chuoni hapa Nakuru. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa natengeneza kipimo cha ule ugonjwa unaonyausha viazi. Unatoa DNA kwenye mbegu, na kama inaugua, mstari mweupe unatokea kwenye picha. Mkulima anajua kabla hajapanda.

Lakini mbegu zilizoanza tu kuugua hazikutoa mstari. Nilirudia, wapi!

Basi nikachukua picha ya mstari wa mmea uliokwisha kufa, nikaigeuza, nikapunguza mwanga, nikaandika kuwa ni ya mbegu iliyoambukizwa juzi tu. Nilifanya hayo nikinywa chai na mandazi. Ovyo kabisa!

Makala ikachapishwa, na watafiti wa nchi nyingi wakaanza kuinukuu. Kwa kazi yetu, kunukuliwa ndiyo jina. Wenzako wakikutaja sana unapandishwa cheo, unaalikwa makongamano. Nilikuwa nikiamka naangalia kwanza nimenukuliwa na nani, mume wangu yuko hapo kando hata sijamsalimia.

Halafu akaja Chebet (si jina lake). Babake analima viazi upande wa Molo. Alichagua kusomea shahada ya uzamili chini yangu kwa sababu ya ile makala. Kazi yake ilikuwa kujaribu kipimo changu kwa mbegu za wakulima.

Siku moja akaingia ofisini amebeba miche iliyonyauka.

"Daktari, hii kitu inakataa. Hizi mbegu kipimo kilisema ni safi. Nimezipanda, ona."

"Unachafua sampuli zako."

"Nimerudia na kila kitu kipya, Daktari. Labda kipimo chenyewe…"

"Chebet! Kipimo hiki kinanukuliwa dunia nzima. Wewe ni nani?"

Wewe ni nani! Nilimwambia hivyo mtoto wa watu, na nilijua yuko sawa.

Nikamrudisha maabara tena na tena. Mbele ya wenzake nikasema mikono yake ni ya jembe. Wakacheka, na mimi nikacheka. Alipoandika ripoti ya ukweli, nikakataa kuipitisha. Akaacha masomo, akarudi kwao. Na mimi, Mungu nisamehe, nilihisi nafuu!

Baadaye nikapewa uprofesa. Ushirika mmoja wa wakulima ukaanza kuuza mbegu zilizopimwa kwa kipimo changu. Kwa siku ya wakulima kule Rongai nikasimama kwenye hema lao nikitabasamu.

Mzee mmoja akanijia na kofia mkononi. Nyuma yake alisimama Chebet.

"Daktari, nisaidie. Huyu msichana wangu anasema hizi mbegu nisiguse, eti kipimo hakioni ugonjwa ukiwa mchanga. Nimsikize nani?"

Chebet akaniangalia. Nadhani alikuwa ananipa nafasi.

Nikasema, "Mzee, msichana wako ni mzuri, lakini masomo yalimshinda."

Mzee akamgeukia kwa aibu. "Umesikia? Usinitie haya mbele ya watu." Akanunua.

Shamba lake lote lilinyauka, na la jirani, na la ng'ambo ya mto. Huo ugonjwa ukiingia kwa udongo hautoki upesi. Viazi ndivyo vilikuwa kila kitu kwao.

Habari zikanifikia. Nikaandikia jarida nikaomba makala iondolewe, nikaambia chuo ukweli. Uprofesa ukaenda, maabara ikafungwa. Wenzangu wakiniona kwenye korido wanajifanya wanasoma simu.

Nikaenda Molo kuomba msamaha. Mzee hakunifukuza, alinipa hata stuli. Akasema, "Mimi sina maneno na wewe. Mimi niliamini mgeni nikamnyamazisha mtoto wangu. Hilo ndilo sijui nitalirekebisha aje."

Chebet alikuwa anang'oa viazi vilivyooza, vinanuka vibaya sana. Nikamwambia alikuwa sahihi tangu mwanzo.

"Nilijua," akasema. Akaendelea kung'oa.

Nikamwambia chuo kiko tayari kumrudisha. Akanijibu bila kuinua kichwa, "Nitarudi. Lakini si kwa sababu umekuja."

Na unajua kinachonichefua zaidi? Makala imeondolewa, imeandikwa wazi kuwa ni ya uongo, na bado watu wanainukuu! Juzi kuna mwingine. Jina langu linazidi kupanda kwa uchafu ule ule.

Wewe unayesimamia wanafunzi, siku mmoja atakapobisha mlango akuambie matokeo yako hayatokei, usimuulize yeye ni nani. Vuta kiti. Mwambie, "Nionyeshe." Mimi neno hilo lilinishinda, na kuna watu Molo watalala njaa kwa sababu yake.