Maji Yalikupwa Nikiwa Naomba

Chekeni tu, nimeshazoea, maana hadi leo nikikutana na mtu wa Kipungani lazima aniulize, "Mwalimu, leo waomba?" nami hutamani ardhi inimeze (na siku ile nusura inimeze kweli, ngojeni mtaona).

Mimi ni mtu wa bara, kwetu Kitui, bahari nimeijua kwa sababu ya ajira, na pale shuleni Kipungani Wakristo tulikuwa wawili tu, mimi na Esta, mwalimu wa darasa la kwanza. Jumamosi hiyo Esta alikuwa anakwenda kwao, mama yake alikuwa apasuliwe kesho yake asubuhi, na alitaka sana amwone kabla hajaingizwa, kwa hiyo ilikuwa lazima awahi basi la adhuhuri Mokowe, ng'ambo ya maji. Wenzetu wa kanisani Mokowe wakaja kumchukua kwa boti ya Bwana Shee, tukasimama ufukweni, mzee wa kanisa akasema, "Mwalimu atuombee, sala fupi." Neno "fupi" alilirudia akinikazia macho, na mimi nikajifanya sikusikia.

Kwa nini? Kwa sababu alikuwepo mchungaji mgeni kutoka Nairobi, kijana wa suti, nami nilitaka sifa zangu za uombaji azipate kwangu mwenyewe, asije akasimuliwa. Basi nikavua viatu, nikafumba macho, nikaanzia uumbaji. Nikavuka jangwa na wana wa Israeli, nikakemea magonjwa moja moja kwa jina (hadi ya mifugo, Mungu anisamehe), nikaombea daktari, muuguzi na anayefagia wodi. Esta akanivuta gauni, nikajua huyu Roho amemgusa, nikapandisha sauti. Bwana Shee akaita kutoka botini, "Bi Mwalimu, mai yatoka!" (yaani maji yanakupwa), nami nikamjibu humo humo ndani ya sala, "Bwana, nyamazisha kila sauti inayoshindana na madhabahu yako!" Watu wakapiga amina kubwa, nikaona kumbe wamebarikiwa, nikaongeza. Maskini, walikuwa wananisihi nimalize.

Nilipofumbua macho, boti ilikuwa imebakiwa na maji ya kuoshea miguu tu. Tukapanda mbiombio, tukaingia mkondo wa mikoko, tukaenda kidogo, mara boti ikasema kruuu, ikakaa. Sote tukashuka kusukuma, tukamwacha Esta ndani. Mchungaji mgeni akakunja suruali ya suti, na mimi na gauni langu jeupe nikakanyaga pasipokanyagika, nikazama hadi kiunoni. Viatu? Viatu nilivisahau ufukweni.

Hapo ndipo nikamwona Esta. Ameketi juu ya begi lake, machozi yanamtoka bila sauti, na kicheko chote kikaniisha.

"Omba basi," akaniambia. "Si wewe ndiye unayejua?"

Nikafungua kinywa. Wana wa Israeli hawakuja. Lililokuja ni kilio cha makamasi, ndipo nikasema, "Baba, mfikishe kwa mama yake. Nimekosa." Basi, ikaishia hapo. Esta akasema amina, taratibu, na Bwana Shee akajipangusa tope usoni akasema, "Hiyo Mola ameisikia, Bi Mwalimu. Sasa sukuma."

Msidhani maji yalirudi. Yalirudi saa yake, basi limeshakwenda zamani. Lakini Bwana Shee alimpigia simu shemeji yake mwenye lori la samaki, na Esta akasafiri usiku kucha akiwa amebanwa na makreti ya kamba wabichi. Hakuwahi kumwona mama kabla ya kupasuliwa, hilo bado linaniuma. Alifika mama ndiyo kwanza anafumbua macho, na neno la kwanza la mgonjwa likawa, "We Esta, mbona wanuka samaki?" Esta alinipigia simu kunieleza, tukacheka hadi tukalia tena.

Siku hizi kila nikitajwa kuombea safari, mzee wa kanisa huuliza kwanza kama maji yanajaa au yanakupwa. Nami nimeapa, tena mbele ya mashahidi: sitamhutubia Mungu tena ili watu wanisikie. Naomba kama nilivyoomba topeni, maneno machache, na nikishasema amina nafumbua macho upesi nione kama boti bado inaelea.