Tawi la Keren

Mama Philomène alikuwa mkarimu wa kila kitu isipokuwa waridi lake moja. Ukipita kwake, pale mteremkoni juu ya ziwa, mjini Kalemie, ukasifu bugenvilia, alikukatia tawi. Ukisifu hibiskasi, alikuwekea mche kwenye mfuko, na udongo juu yake. Lakini ukinyoosha tu kidole kwenye lile waridi jekundu la mlangoni, loo! Uso ulikunjamana pale pale. "Ile njo ya mutoto," alisema. "Usiiguse hata kwa macho."

Mtoto mwenyewe ni Keren, binti yake wa pekee, aliyekuwa aolewe mwezi wa nane. Zamani Philomène aliposhuka kutoka milima ya Moba kuja kuolewa na mvuvi, mama yake alimkatia tawi la waridi la nyumbani, akalichomeka kwenye kipande cha mgomba kilicholowa maji ili lisikauke njiani. Hakuja na kingine cha maana. Keren naye aliahidiwa tawi lake tangu angali anacheza mchangani.

Jirani yake, Mama Adolphine, aliomba tawi mara tatu, akanyimwa mara tatu. Huyu aliuza chakula karibu na soko, hodari wa kupika makayabo, wale samaki wa chumvi. Kila aliponyimwa alicheka, akaenda zake.

Mwezi wa sita shangazi yake Philomène akafariki huko Moba. Kabla hajapanda boti kwenda matangani, Philomène alimwita jirani. "Nisaidie kumwagilia maua. Na ukipata maji ya kuoshea samaki, mwangia waridi, inayapenda sana."

Ni kweli, siri ya yale maua mazito ilikuwa maji ya samaki wabichi aliowaleta mumewe alfajiri. Philomène hakusema wabichi. Angesemaje? Katika nyumba ya mvuvi, samaki ni samaki.

Baada ya matanga alipita kwenye nyumba ya marehemu mama yake. Wenye nyumba wapya walikuwa wamejenga duka palipokuwa na waridi, saruji tupu. Ikamuuma sana, lakini akajipa moyo: lipo la Kalemie.

Halikuwepo. Aliporudi hakukuta hata jani, matawi yamekuwa meusi, na udongo umefanya ukoko mweupe. Akaugusa kwa kidole, akalamba. Chumvi.

"Mama Adolphine! Uliimwangia nini?"

"Maji ya samaki, Mama Keren, vile uliniambia. Kila asubuhi, ndoo nzima. Ile ya kulowekea makayabo. Sikupoteza hata tone!"

Jamani, Philomène alitaka kupiga kelele. Lakini utamgombezaje mtu aliyepandisha ndoo mteremko kila asubuhi kwa ajili yako? Akakaa vumbini na nguo zake za safari, akalia mpaka Keren akatoka ndani. Walibadilisha udongo, wakaosha mizizi ndoo kwa ndoo. Bure. Philomène akakwangua gome kwa ukucha akitafuta ukijani. Mti ulikuwa umekauka mpaka chini. Harusi ilibaki wiki tano.

Siku ya tatu Adolphine akaja, kitambaa amekivuta mpaka machoni. "Mama Keren, njoo kwangu. Lakini kwanza uniapie hautanipiga."

Nyuma ya jiko lake, kati ya ukuta na magunia ya makaa, kulikuwa na kichaka kizito cha kijani, kisicho na ua hata moja. Philomène akashika jani, akaligeuza. Akaitazama miiba. Lilikuwa waridi lake.

"Niliiba," Adolphine akasema haraka. "Uliponikatalia mara ya tatu. Ulikuwa kwenye misa, nikavunja tawi moja. Kila ikitaka kutoa ua, nalikata lingali limefumba, naogopa utasikia harufu. Miaka miwili naitunza, na sijaona ua lake hata siku moja."

"Mwizi weye!" Philomène akafoka. Kisha akamwona mwenzake amesimama na jembe mkononi, macho chini.

"Niichimbe yote, uende nayo," Adolphine akasema. "Njo yako."

Philomène alipofungua mdomo, aibu ilimshika, maana neno lililotoka ndilo alilokuwa akiwakatiza watu mlangoni kwake kabla hawajalimaliza. "Weka jembe, mama. Naomba tawi. Moja tu, ya mutoto."

"Chukua tatu," Adolphine akajibu. "Mimi sina roho mbaya kama muntu fulani."

Wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Asubuhi ya harusi, tawi la Keren lilikuwa tayari ndani ya kipande chake cha mgomba, limetoa majani mawili madogo. Philomène alikuwa akimfunga binti yake kilemba aliposikia kelele upande wa pili wa uzio. "Mama Keren! Kuja uone! Imefunguka! Yangu imefunguka!"

Philomène akakimbia na pini zake mdomoni. Ua lilikuwa moja tu, jekundu, na Adolphine amepiga magoti mbele yake, machozi yanamtiririka, sufuria imesahauliwa motoni.

Philomène akatoa pini mdomoni. "Watu wataipenda, watakuja kuomba," akasema. "Uwape. Ukiwanyima, wataiba."