Nyungunyungu Waliokataa Uwanja wa Malori

Nyuma ya nyumba yetu pale Malaba palikuwa na uwanja ambapo malori yalikuwa yakisubiri kuvuka kwenda Uganda. Madereva walimwaga oili chafu hapo kama mtu anayenyunyizia maua maji. Malori yalipohamishwa, Mama akautamani. Mbegu yake ya wimbi ilikuwa imeliwa na fukusi, ikabaki mkebe mmoja tu, na huo mmoja aliutaka uende hapo.

"We si unasoma kilimo? Nipimie huo udongo."

Mwalimu alikuwa ametufundisha: chimba shimo la futi moja kila upande, hesabu nyungunyungu. Wakiwa wengi, udongo ni mzima. Nilichimba matatu. Nikapata vifuniko vya soda na soksi moja. Nyungunyungu, hata wa dawa.

Lakini Mama alikuwa ameshaanza kuimba, na mimi kupeleka habari mbaya sijui. Nikaenda migombani na sufuria, nikaokota kumi wanene, nikawazika kwenye shimo lililo karibu na migomba, kwa sababu ya uvivu. Asubuhi nikamwita Mama aje aone maajabu. Dada yangu akafuata, kicheko tayari mdomoni.

Nikafukua. Wawili wamekufa. Wanane wamesongamana kwenye ukuta wa upande wa migomba, vichwa ndani, kama watu wa magendo wanaotafuta njia ya panya.

"Hawa ni wa hapa?" Mama akauliza.

"Ni wa hapa, Mama. Wanatembea tu."

"Mwongo!" dada akadakia. "Jana nilimwona na sufuria kule migombani!"

Nikangoja kofi. Mama akachuchumaa, akawatazama wale wanane.

"Kwa hivyo hata ukiwaleta kwa nguvu, wanakataa kulala hapa?"

"Wanakataa."

"Na wewe ulitaka mbegu yangu ilale?"



Mkebe ukaenda kando ya migomba, mistari imebanana hadi dada akakanyaga ule aliotoka kuchora. Itatoka nyembamba kwa kivuli, Mama akasema, lakini itatoka. Kisha akanionyesha uwanja wa malori.

"Wewe utabeba samadi hapa kila Jumamosi, mpaka hao wadudu waje kwa miguu yao."

"Lakini Mama, hawana miguu."

Bonge la udongo likanipata sikioni.